Kitako cha Mashine ya Santuri: Uzito Peke Yake Hautoshi

Ndugu msomaji, mazungumzo haya yalisikika redioni juma lililopita na kama kawaida yanachapishwa hapa kwa faida ya waliokosa kusikiliza. Leo nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la maneno.

Miezi kadhaa iliyopita nilijibu barua ya msikilizaji mmoja wa Ruangwa, mwalimu mstaafu, aliyetaka kujua atumie kitu gani kutengenezea kitako cha mashine yake ya kupigia santuri. Nilimjibu kwa haraka, kama mtu anayekimbilia basi. Nilisema tafuta kitu kizito, basi, mambo yamekwisha. Walimu wa zamani wana jambo moja: wakiambiwa kitu na redio wanakitekeleza. Mwalimu akanunua mfuko wa saruji.

Mwezi uliopita nilikwenda Nachingwea kwa shughuli ya arobaini ya ndugu yetu, na kwa kuwa Ruangwa haiko mbali na hapo nikaona haya kurudi Dar es Salaam bila kumwamkia. Nilimkuta barazani akichambua ufuta. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Marahaba, karibu," akajibu, kisha bila kunilaumu hata kidogo akaninyooshea kidole ndani ya nyumba: "Pita ukaione kazi yako."

Kwenye meza ya kulia chakula palikuwa na bamba la zege lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 6. Katikati lilikuwa na tundu kubwa la kukaa mota. Pembe moja, ile ya kushikia mkono wa sindano, ilikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha shilingi. Juu ya zege hilo iliketi mashine ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kupenda santuri, nimeiona mara chache sana: Technics SP-10 ya toleo la pili, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1975. Kaka yake marehemu alikuwa baharia wa meli za nje, na ndiye aliyeileta nyumbani pamoja na kasha la santuri.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi wetu tulikua na gramafoni za kawaida na hatukuwahi kujiuliza kinachozungusha sahani ni nini. Mashine nyingi za zamani zilikuwa na mota ndogo pembeni, inayokwenda mbio mizunguko kama 1,500 kwa dakika, ikisukuma sahani kwa gurudumu dogo la mpira. Nyingine zilitumia mkanda. Mwaka 1970 Wajapani wakatoa SP-10 ya kwanza, ambayo mota yake ndiyo mhimili wenyewe wa sahani. Santuri ikienda mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, mota nayo inakwenda hivyo hivyo, yaani zaidi kidogo ya nusu mzunguko kwa sekunde. Mtetemo wa mwendo wa pole namna hiyo uko chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linasikia. Ndiyo maana vituo vya redio vilizipenda mashine hizi. Ile ya toleo la pili hufikia mwendo wake kamili kwa robo ya sekunde tu, na sahani yake ina uzito wa karibu kilo 3. Mtangazaji anabonyeza, wimbo unaanza.

Sasa fikiri, msomaji. Chuma cha kilo 3 kilichosimama kinarushwa kwenye mwendo kamili kwa robo ya sekunde. Anayesukuma lazima akanyage mahali. Ukisukuma gari lililokwama ukiwa umevaa kandambili kwenye matope, gari halisogei, unayeteleza ni wewe. Mota nayo inaposukuma sahani upande huu, inajisukuma yenyewe upande wa pili, na kinachoipokea ni kitako. Kitako kikiwa chepesi au kilegevu, kinajipinda kidogo kila mota inapoongeza au kupunguza nguvu. Na mkono wa sindano umefungwa kwenye kitako hicho hicho.

Sindano nayo haina simile. Mawimbi yaliyochorwa kwenye mfereji wa santuri, kwa sauti za chini, ni madogo kuliko elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene mara nyingi kuliko hapo. Sindano haijui kama kilichotikisika ni santuri yenyewe au ni mkono ulioishikilia. Yenyewe inapeleka yote kwenye amplifaya, na amplifaya inakuza yote. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo ndiyo nilipaswa kumwambia mwalimu tangu mwanzo, ni kwamba mhimili wa sahani na nguzo ya mkono wa sindano lazima vikae kama ndugu wa tumbo moja, juu ya kipande kimoja kigumu, bila kuachiana hata kidogo. Mambo ya uzito yanakuja baada ya hapo.

Mashine ya mkanda inaweza kuwekwa juu ya springi laini ikabembea kama mtoto kwenye machela na isidhurike, kwa sababu mota yake inavuta polepole. Mashine ya mwalimu haiko hivyo. Ukiiweka juu ya springi, kila ukibonyeza kitufe nyumba nzima ya sindano inapepesuka.

Cha ajabu ni kwamba SP-10 iliuzwa bila kitako. Mnunuzi alipewa mota na sahani, na sanduku la umeme pembeni, kisha kila mmoja alijitafutia pa kuiweka. Kiwanda chenyewe kiliuza pia vitako, kikiwamo kimoja cha obsidiani, lile jiwe la volkano linalofanana na kioo cheusi. Baharia wetu hakufika huko. Alinunua sanduku la chipubodi, yaani chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Likastahimili miaka mingi, mpaka masika moja bati likavuja, chipubodi ikavimba kama andazi, kisha mchwa wakamalizia kazi. Mashine ikakaa chini ya kitanda mpaka mwalimu alipostaafu.

Wazee wa Nachingwea, kwa taarifa yako, hawahitaji kufundishwa habari ya mashine nzuri iliyowekwa mahali pasipofaa. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza waliteremsha matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka pwani. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, na takriban pauni milioni 36 zimezama. Ardhi na mvua havikuulizwa. Na mimi sikumwuliza mwalimu ana meza ya namna gani.

Maana kosa lilianzia hapo. Zege lile, ukitoa tundu la mota, lilikuwa na ujazo wa lita kama 14. Lita moja ya zege ina kilo 2.4, kwa hiyo bamba peke yake lilikuwa na kilo zaidi ya 33. Ongeza kilo 9 na nusu za mashine. Mzigo huu ukawekwa juu ya meza yenye miguu membamba iliyolegea kwenye maungio. Kitu kizito juu ya miguu milegevu kinayumba polepole, na kadiri kinavyokuwa kizito ndivyo kuyumba kunavyozidi kuwa kwa polepole. Mkono wa sindano nao una mahali pake pa kuyumba, kwa kawaida kati ya mara 8 na mara 12 kwa sekunde. Viwili hivyo vikikaribiana vinachochezana. Wajukuu wakikimbia barazani, sindano inaruka nusu wimbo. Mwalimu akawa anapiga santuri wakati wajukuu wako shule tu.

Kuna na la pili ambalo sikulifikiria kabisa. Zege lisilopakwa kitu hutoa vumbi. Ukilipitishia kidole kila asubuhi unakuta unga wa saruji, na unga huo ni msasa. Nilichukua santuri moja nikaielekeza dirishani: miferejini mlikuwa na chembe za mchanga. Santuri yenyewe ni ya Mbaraka Mwinshehe, zile ndogo za mizunguko 45, ambazo wimbo unaanzia upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Hakuna atakayeingia studio kuirudia kwa ajili yetu. Nilisikia vibaya sana, nikaomba radhi, na leo naomba radhi tena mbele yenu.

Tukaanza upya. Mwalimu alikwisha zungumza na fundi seremala mmoja pale Nachingwea, tukaenda wote. Fundi ni mtu hodari, mikono yake inaonyesha. Akatutoa nyuma ya karakana, akafunua turubai, chini yake gogo jeusi. "Mzee, ukitaka sauti, huu ndio mti. Wazungu wanatengenezea zumari zao." Bei aliyoitaja ingemaliza pesa zote za korosho za mwalimu kwa msimu ule. Nilipouliza habari ya kibali akacheka, akafunika turubai.

Fundi hakukosea kuhusu zumari. Mpingo wa kusini ndio unaotengenezewa klarineti na oboi huko Ulaya. Lakini hebu tujiulize unapendwa kwa nini. Unachongeka laini kama mfupa, unashika uzi wa skrubu kama chuma, na mate ya mpigaji hayauvimbishi upesi. Hizo ni sifa za bomba. Kitako kinataka sifa nyingine. Kwanza kinataka ubao mpana, na mpingo hautoi ubao mpana: magogo yake ni mafupi, yamepinda, mengi yana uwazi au ufa ndani, na ukiukausha kwa pupa unapasuka. Utaishia kuunganisha vipande kama kiraka. Pili, mpingo ukiugonga unalia kama kengele, na kitako tunakitaka kiwe bubu. Ni mzito kweli, lita moja ina kilo 1.2 au zaidi na majini unazama, lakini nimekwisha kuonyesha kwa hasara ya mwalimu uzito peke yake unatufikisha wapi.

Na la tatu. Mti huo unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia kimo cha kuvunwa. Ukikatwa kwa magendo kijiji chenye msitu hakipati hata senti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Upande wa Kilwa wako wanavijiji ambao mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, na mpingo wao unauzwa hadharani. Mtu anayeficha gogo chini ya turubai anawauzia hao bei kwa chini. Na ukikamatwa njiani na mbao zisizo na alama ya nyundo wala hati ya kusafirishia, utamweleza ofisa misitu kuwa ni za kupigia santuri?

Niliyasema hayo kwa adabu, fundi naye akanisikiliza kwa adabu. Akauliza: "Basi mzee wewe unataka mti gani?"

Swali zuri. Kitu cha kutengenezea kitako hupimwa kwa mambo mawili yanayogombana: ukakamavu, yaani kutopindika, na uwezo wa kumeza mtetemo badala ya kuupitisha. Jiwe la itale au sileti ni kakamavu mno, lakini bamba lake jembamba lina mlio, na kulikata kunahitaji mashine ambayo si kila mji unayo. Ulaya wapo wanaotumia sileti wakasifia, lakini wao huipanga tabaka mbili tatu ndipo inyamaze. Aluminiamu ina mlio zaidi ya jiwe. Ndiyo maana ile Technics SL-1200 ya toleo la pili, ya mwaka 1979, ambayo wengi mliiona kwenye madisko, ina aluminiamu juu na mpira mzito chini yake. Mwenye mashine hiyo asihangaike na kitako kipya. Asafishe miguu, aisawazishe kwa pima maji, imetosha. Mbao ngumu za kwetu ziko katikati: si kakamavu kama jiwe, lakini zinameza mtetemo vizuri zaidi. Plaiwudi nzuri nayo inafaa sana, kwa sababu matabaka yake yamepishanishwa na hayapindi. Tatizo ni kwamba ile ya bei rahisi ina mapengo ndani, na mapengo ni ngoma.

Kijana mmoja pale karakana akauliza kuhusu kinywe, maana Ruangwa sasa kila mtu anazungumzia madini hayo. Wapo watengenezaji wa nje wanaotumia kinywe kilichosindikwa kiwandani kwa mikeka ya santuri. Lakini jiwe la kinywe kutoka shimoni ni laini, linachafua mikono, na vumbi lake linapitisha umeme. Hilo usiliweke karibu na mota.

Katika mbao zetu mimi nachagua mninga. Lita moja ina kilo kama 0.65, si mzito wala si mwepesi. Sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka, hautanuki wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika. Kule Nachingwea, ambako kuna miezi ya kiangazi kikavu kisha masika yanakuja yote kwa pamoja, hiyo si sifa ndogo. Na mchwa huusogelea kwa uzito. Mkongo ni mgumu zaidi na unafaa kwa kipande kidogo cha kushikia nguzo ya mkono.

Fundi akasema mninga mkavu wa unene huo hana, uliopo umepasuliwa juzi. Nilikuwa karibu kukata tamaa. Mwalimu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema: "Kitanda."

Nyumbani kwake, stoo, kulikuwa na kitanda cha mninga alichonunua mwaka alipooa. Mguu mmoja ulivunjika siku nyingi. Mbao zake za ubavuni na za kichwani zilikuwa na zaidi ya miaka 40 ya kukauka, pana, nene, hazina tundu la mdudu. Nikamwuliza kama hana kinyongo. Akasema mkewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyependa santuri zile kuliko yeye.

Kazi ilimchukua fundi siku nne. Tuliunganisha mbao kwa gundi, tabaka tatu, nyuzi za tabaka la katikati zikipita kwa mkato wa msalaba, zikabanwa usiku kucha. Hiyo ndiyo sehemu ya juu, nene sentimita 7, inayobeba mota pamoja na mkono, kila kimoja kimefungwa kwa bolti mpaka ndani. Mimi nilitaka kuweka mpira baina ya tabaka, fundi akanizuia, na alikuwa sahihi: mpira baina ya mota na mkono ungewatenganisha ndugu. Tukauweka chini. Tulikata vipande vya tyubu ya lori, ambayo mpira wake unameza mtetemo kuliko mpira wa kandambili, tukavibana kati ya kitako na ubao mwingine wa chini wenye miguu mitatu. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Kisha vanishi, mikono miwili, ndani ya tundu pia, ili masika yasipate mlango. Kitako chote kikawa na kilo 14 hivi, chini ya nusu ya lile zege.

Meza tukaiacha. Pembeni ya sebule pana ukuta wa matofali, fundi akapigilia hapo rafu kwa mabano ya chuma. Ukuta hautikisiki wajukuu wakipita.

Jaribio ni hili, na unaweza kulifanya nyumbani kwako leo. Zima mota, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti mpaka kiasi unachosikilizia kwa kawaida, usizidishe, utaua spika. Kisha gonga kitako polepole kwa sarafu. Ukisikia "tiiiing" inayoendelea, kitako kinalia. Ukisikia "bum" ya kurudiarudia, kinayumba. Kwenye zege tulisikia vyote viwili. Kwenye kile kitanda tulisikia "tap" moja fupi, ya mbali, kama mtu aliyebisha hodi nyumba ya tatu.

Mwalimu akawaita wajukuu, akawaamuru wakimbie. Walidhani babu amechanganyikiwa. Walikimbia, wakaruka, mmoja akaanguka akalia, na sindano haikutoka kwenye mfereji. Ile santuri ya Mbaraka bado inakwaruza pale mchanga ulipopita, na itakwaruza daima. Nyingine zaidi ya thelathini zilikuwa bado ndani ya majalada yake, hazijaguswa na vumbi.

Fundi aliniambia tulipokuwa tunaagana kuwa lile gogo atalirudisha kwa aliyemletea. Sikumwuliza zaidi. Bamba la zege liko uani kwa mwalimu, karibu na bomba, na binti yake anafulia nguo juu yake.